Kibali cha Muunganisho Mmoja

Serikali yetu ilifika msibani mapema kuliko ndugu wengi. Mdogo wangu Idarusi alizikwa Alhamisi baada ya adhuhuri, na kabla ya alasiri gari la ofisi yake lilikuwa mlangoni. Walishuka watu wawili. Mmoja alitupa pole kwa niaba ya Bodi ya Kupima Mvua, alikofanya kazi marehemu miaka kumi na moja. Mwenzake alivua viatu kwa adabu, akapita katikati ya wanawake waliokaa mkekani, akaingia chumbani kwa Idarusi na kubandika karatasi juu ya laptopu: MALI YA UMMA. ITARUDISHWA SIKU YA AROBAINI.

Nisieleweke vibaya, hayo ni maendeleo. Zamani mtumishi akifa, vitu vya ofisi vilichukuliwa siku hiyo hiyo, na wapo waliovuliwa makoti ya mvua wakiwa hawajaoshwa. Kisha Mlezi Mkuu wa Taifa akafiwa na shangazi yake, akaonja uchungu, akatoa waraka kwamba mali ya umma isiondolewe nyumbani kwa wafiwa mpaka arobaini ifike. Nchi ngapi zina waraka kama huo?

Ndani ya laptopu mlikuwa na video moja iliyoandikwa "Kwa Mama". Idarusi alijirekodi asubuhi ile aliyokwenda hospitali. Alinipigia simu akiwa njiani, pumzi zikimkatika.

"Dada Mwanaidi, nimemwachia mama maneno kwenye laptopu. Ukija, mwekee kwenye televisheni."

Mimi naishi wilaya nyingine. Nilimwambia maneno yake atayasema mwenyewe akirudi. Akacheka, akakohoa, simu ikakatika.

Mama yetu, Bi Mwanamize, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Uso wa mtu humwonekea kama nguo iliyoanikwa mbali. Laptopu kwake ni mwanga tu. Televisheni anaiona, kwa sababu ya kwake ni kubwa kama mlango. Aligawiwa na Mlezi Mkuu mwaka wa uchaguzi, yeye na wazee wote wa nchi wenye macho hafifu, ili uzee usije ukawanyima kumwona.

Sauti nayo ilikuwa na shida zake. Laptopu za serikali zilikatwa spika mwaka ule watumishi walipokutwa wakisikiliza taarabu saa za kazi. Matundu ya flashi yalijazwa gundi ili siri za mvua zisivuke mpaka. Lilibaki tundu moja tu, la waya wa HDMI, ambalo wakubwa hulitumia kuonyeshea taarifa zao ukutani. Kwa hiyo nilipoifungua video ile chumbani nilimwona mdogo wangu akisogeza midomo, akitabasamu, akinyoosha kidole pembeni, dakika tisa nzima, bila sauti hata ya kukohoa.

Mama alikaa nyuma yangu, ameshika bega langu.

"Anasema nini?"

"Hatoi sauti, mama."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Niwekee kwenye kubwa."

* * *

Siku ya saba, baada ya wageni wa mbali kuondoka, nilichomeka waya mwenyewe. Upande mmoja kwenye laptopu, mwingine nyuma ya televisheni. Kule nyuma palikuwa na matundu mawili. La pili lilikaliwa na king'amuzi cha Taifa, basi mimi nikachomeka la kwanza.

Televisheni haikushtuka. Iliendelea kumwonyesha Mlezi Mkuu akikata utepe wa choo cha stendi.

Nilichomoa, nikachomeka. Nilizima laptopu, nikaiwasha. Nilibonyeza rimoti, lakini rimoti za nchi yetu zina vitufe vitatu tu: cha kuwasha, cha kuzima, na cha kuongeza sauti. Cha kupunguza hakikuonekana kuhitajika.

Nikaenda sokoni kwa Fundi Chande, anayetengeneza redio na pasi. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye neno "nikachomeka". Hapo alivuta pazia la kibanda chake.

"Umechomeka? Peke yako?"

"Na mama alikuwepo."

"Mama si Afisa Maunganisho, dada yangu. Hamjasikia huko kwenu? Vitu viwili haviunganishwi ila mbele ya Afisa."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Sheria ilitungwa baada ya diwani mmoja kuunganisha video ya harusi ya bintiye saa Mlezi Mkuu alipokuwa akihutubia. Majirani walimpigia bi harusi vigelegele hadi mtaa wa pili. Hakuna aliyekumbuka kuwa Mlezi Mkuu hajawahi kupigiwa vile. Hakuna, ila wale wenye kazi ya kukumbuka.

"Basi nifanyeje?"

"Chomoa waya, futa vumbi la vidole vyako, kaombe kibali. Mimi sijakuona."

Nilifanya hivyo. Fomu ilikuwa na kurasa sita. Palipoandikwa "Sababu ya kuunganisha" niliandika: Mama anataka kumsikia mwanawe. Karani wa dirishani alinirudishia. Alisema sababu hiyo haimo kwenye orodha, akanisaidia kuchagua iliyo karibu nayo zaidi, ambayo ni "Burudani".

* * *

Bwana Makunja, Afisa Maunganisho wa Wilaya, alikuja siku ya kumi na mbili. Alivaa suti nyeusi, nami nikadhani ni kwa ajili ya msiba wetu, kumbe ndiyo sare. Alifuatana na Fundi Chande, ambaye huitwa kibarua serikalini panapohitajika mtu wa kushika vitu. Tukasalimiana na fundi kama tusiojuana.

Bwana Makunja aliingia ukumbini, akasimama wima mbele ya televisheni, akainamisha kichwa. Ndipo akageuka kumpa mama mkono.

Jirani yetu Siwema, ambaye hajawahi kumeza neno likiwa limeshafika mdomoni, alikuwa akichambua mchele pembeni.

"Baba, mbona umeisalimia televisheni kabla ya mfiwa?"

"Itifaki, mama."

"Nayo imekuitikia?"

Bwana Makunja alifungua faili, akaagiza kila kitu kiunganishwe mbele yake. Fundi Chande akachomeka. Televisheni ikaendelea na Mlezi Mkuu, safari hii akipanda mti.

"Sawa," akasema Bwana Makunja. "Tumtafute mkosaji. Katika muunganisho huu wahusika ni watatu. Laptopu ni ya Serikali, na Serikali haikosei. Televisheni ni zawadi ya Mlezi Mkuu, hapo sihitaji kuendelea. Anabaki nani?"

"Waya," akasema Fundi Chande, kwa sauti ya mwanafunzi.

"Nani aliununua?"

"Marehemu," nikasema. "Kwa pesa yake."

"Mnaona sasa."

Waya ulitiwa kwenye bahasha, bahasha ikapigwa muhuri, nao ukapelekwa mahabusu ya vifaa hadi uchunguzi ukamilike. Bwana Makunja alimwahidi mama waya mpya kutoka makao makuu, wa mita tatu, usio na historia.

Alipotoka kwenda kusaini kitabu cha wageni, Fundi Chande aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Dada, waya mzima kabisa," akaninong'oneza. "Televisheni inatazama tundu la pili, lenye king'amuzi. Laptopu iko la kwanza. Nyuma kuna kitufe cha kubadilisha, ukikibonyeza mara moja imekwisha."

"Kibonyeze basi!"

"Kimefungwa kwa lakiri ya serikali. Na hata kingekuwa wazi, nikibonyeza nimesema nini? Nimesema televisheni ya Mlezi Mkuu ilikuwa ikitazama pasipo pake. Nina watoto wanne, dada."

"Tukikichomoa king'amuzi, tuweke waya wetu hapo?"

Fundi Chande alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua hali yake, akainuka na kutoka.

Jioni nilipitisha mkono nyuma ya televisheni nikaipapasa ile lakiri. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati. Adhabu ya kuivunja ilikuwa imeandikwa juu yake: nyumba kutaifishwa, na vitu vyote vya umma vilivyomo kuondolewa saa hiyo hiyo. Mama alinisikia nikihema.

"Nivunje mimi," akasema. "Mimi mzee. Watanifanya nini?"

"Watachukua laptopu kabla hujamwona, mama."

Akakunja mikono yake mapajani. "Basi tungoje," akasema.

* * *

Waya mpya ulifika siku ya ishirini na moja, pamoja na barua ya safari yake. Ulitoka makao makuu ukiwa mita tatu, kama tulivyoahidiwa. Mkoani walikata kipande cha kumbukumbu, wilayani wakakata cha mfano, tarafani cha ukaguzi, na katani walikata tu, hawakueleza. Mikononi mwetu ulifika shubiri moja na nusu, wenye ncha upande mmoja.

"Huu utaunganisha nini na nini?" akauliza Siwema.

"Ni mwanzo mzuri," akasema Bwana Makunja.

Siku hiyo alikubali kukaa na kunywa chai. Ukutani palikuwa na picha ya Idarusi amevaa koti la mvua la Bodi, ameshika kopo la kupimia, anacheka. Bwana Makunja aliitazama.

"Kijana huyu. Alikuwa na umri gani?"

"Thelathini na sita," nikasema.

"Pole sana. Ilikuwa nini?"

"Mapafu. Walimlaza wodi ya pili. Mashine ya hewa ilikuwepo, imesimama pembeni ya kitanda. Umeme ulikuwepo ukutani. Daktari akasema kuviunganisha kunahitaji sahihi."

Bwana Makunja aliweka kikombe chini. "Siku gani hiyo?"

"Jumanne. Alikufa Jumatano alfajiri."

Akatoa shajara mfukoni, akafunua, akapitisha kidole. Alikuwa mtu makini na alitaka kuhakikisha.

"Jumanne hiyo maafisa wote tulikuwa semina," akasema.

Mama akageukia ilikotoka sauti yake. "Semina ya nini, mwanangu?"

"Ya kuharakisha huduma, bibi."

"Mlikula vizuri?"

"Pilau, bibi."

"Afadhali," mama akasema. "Afadhali kuna waliokula."

Alimmiminia chai nyingine. Bwana Makunja aliinywa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na alipoondoka aliandika kwenye faili kwamba familia ilitoa ushirikiano wa kutosha.

* * *

Siku ya thelathini kamati ya wataalamu ilishauri televisheni izimwe na kuwashwa. Mimi ningeweza kuwaambia hivyo siku ya saba, lakini mimi nilisoma mpaka kidato cha nne tu.

Ugumu ulikuwa kwenye kuzima. Televisheni za zawadi hazizimwi mchana, na Mlezi Mkuu akiwa kwenye kioo haiwezekani kabisa, maana ni sawa na kumkata mtu mzima kauli. Bwana Makunja alikuja na kibali cha kuzima kwa dakika moja. Tukakaa kungoja hotuba iishe. Ilikuwa hotuba kuhusu kutopoteza muda, nayo ilichukua saa nne.

"Huyu hakojoi?" Siwema akauliza.

Fundi Chande akajifanya anakagua soketi.

Hatimaye wimbo wa Taifa ukapigwa, sote tukasimama. Wimbo ulipokwisha, Bwana Makunja alihesabu kwa saa yake, akampa fundi ishara ya mkono, na televisheni ikazimwa.

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Tangu televisheni iletwe nyumba yetu haikuwahi kunyamaza mchana. Tulilia msiba na Mlezi Mkuu akizindua. Tulisoma hitima huku akipokea mabalozi. Sasa ukumbi ulikuwa kimya, tukasikia bomba la uani likidondosha matone, na nje mtu akifagia.

Mama aligeuza kichwa upande wa chumba cha Idarusi. Alisikiliza. Akasikiliza tena, kama mtu aliyebisha hodi. Halafu akaanza kulia. Hakuwa amelia siku ya maziko, wala siku ya tatu, na watu walikuwa wamemsifu kwa subira. Kumbe alikuwa hajasikia bado kwamba nyumba ni tupu.

"Dakika imekwisha," akasema Bwana Makunja kwa upole.

Televisheni ikawashwa. Ikarudi kutazama pale pale ilipokuwa ikitazama.

* * *

Siku ya thelathini na nane ilikuja barua yenye mihuri mitano. Niliisoma mara tatu kabla ya kumsomea mama, kwa sababu sikuamini kwamba watu wazima wamekaa mezani na kuiandika.

Ilisema kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, imethibitika kuwa televisheni haikuwa na kosa, laptopu haikuwa na kosa, na tundu la pili limeendelea kutekeleza majukumu yake kwa uaminifu mkubwa. Hata hivyo, kwa kuzingatia msiba, na ili kulipunguzia tundu la pili mzigo wa kazi, tundu la kwanza limeteuliwa kukaimu nafasi yake kwa muda. Uteuzi unaanza siku ya arobaini, saa tano asubuhi. Lakiri itaondolewa na mwakilishi wa Serikali na kurudishwa siku hiyo hiyo. Waya wa marehemu umeachiwa kwa msamaha wa siku ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu.

Chini, kwa herufi ndogo: Kibali hiki ni cha muunganisho mmoja. Waya ukitoka tunduni, muunganisho umekoma, na mali ya umma itakabidhiwa papo hapo.

"Maana yake nini hiyo ya mwisho?" mama akauliza.

"Maana yake utamwona mara moja, mama."

"Mara moja inatosha," akasema. "Hata kuzaliwa alizaliwa mara moja."

* * *

Siku ya arobaini tulisoma hitima asubuhi, tukagawa halua na kahawa. Saa tano kasorobo wakaja: Bwana Makunja, Fundi Chande, na yule mtu wa Bodi aliyebandika karatasi, naye akiwa na mfuko wa turubai wa kubebea laptopu. Ukumbi ulijaa. Wanaume walisimama barazani, vichwa dirishani. Mama alivaa leso mpya na kupakwa wanja, akakaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwenye kioo.

Fundi Chande aliuchomeka waya wa marehemu, na Bwana Makunja akasoma hotuba fupi ya kulipongeza tundu la kwanza kwa kuaminiwa. Kisha akabandua lakiri kwa kisu kidogo, akageuza uso ukutani ili asishuhudie, na Fundi Chande akabonyeza. Siku thelathini na tatu za fomu, na kazi yenyewe ilichukua muda wa kupepesa macho.

Idarusi akatokea, mkubwa kama mlango.

Amekaa kitandani, fulana ya bluu, mfupa wa shingo umetokeza. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mama alisogeza kigoda mbele mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni.

"Mama, shikamoo," akasema Idarusi.

Ilikuwa sauti yake hasa, ile yenye kikwaruzo kidogo. Nilikuwa nimeanza kuisahau na sikujua.

"Marahaba, mwanangu," akasema mama.

Kwenye kioo Idarusi alikuwa amenyamaza kidogo, kama aliyeacha nafasi ya kuitikiwa. Halafu akaendelea.

"Mama, naenda hospitali. Pengine nitachelewa kurudi. Sasa najua hii televisheni itakusumbua nisipokuwepo, na dada Mwanaidi kupika anajua, lakini nyaya hajui kabisa." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikaziba mdomo kwa mtandio. "Kwa hiyo nimekaa nikufundishe. Ukiona peke yako mambo ya laptopu yangu, na picha za safari zangu za mvua, hutachoka kuningoja. Kwanza kabisa, usiogope. Haiumi."

"Siogopi," akasema mama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku arobaini nilitazama ile midomo nikidhani ni wasia, au dua, au siri. Mdogo wangu alikuwa anamfundisha mama kuunganisha laptopu na televisheni.

"Nyuma, mkono wako wa kulia, pana matundu mawili. La king'amuzi usiliguse. Letu ni hilo jingine. Umelipata?"

"Nimelipata."

"Chini yake kuna kitufe. Kina lakiri. Isikutishe, mama, niliibandua zamani, nikairudisha kwa uji wa sembe. Hii televisheni inatazama pasipo pake, ndiyo shida yake tu. Bonyeza mara moja, itatazama."

Barazani watu walitazama miguu yao. Bwana Makunja alikohoa, akamwinamia mtu wa Bodi na kumuuliza kama marehemu anaweza kufunguliwa mashtaka. Mtu wa Bodi alisema hakuna kifungu. Bwana Makunja alionekana kupumua.

Mama hakuwasikia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno, kama mtoto anayetumwa dukani na hataki kusahau.

"Ukiniona hapa ujue umefaulu."

"Nimefaulu, baba."

"Sasa, ikitokea picha inaganda, usiipige kofi. Nakujua." Vicheko tena. Idarusi naye alicheka, akakohoa muda mrefu, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Usiipige. Shika waya pale nyuma, uchomoe taratibu, uhesabu mpaka kumi, kisha uurudishe pale pale. Haya, fanya nione."

Nilikuwa nyuma yao, kati ya Siwema na mlango. Nilimwona mama akiinuka. Kwa nusu ya pumzi nilifikiri anataka kumgusa usoni. Nilipofungua kinywa mkono wake ulikuwa umeshafika nyuma ya televisheni, nao ulijua pa kwenda, kwa sababu ametoka kuambiwa.

"Mama, usi..."

Akachomoa, taratibu, kama alivyoelekezwa. Kioo kikawa cheusi.

"Moja," akasema mama.

Bwana Makunja alitazama saa yake, halafu akatazama kibali.

"Mbili."

"Bwana Afisa," nikasema, "hajui. Amefuata alichoambiwa. Zimebaki dakika tano."

"Tatu."

"Waya umetoka tunduni, dada."

"Ni mama yake!"

"Nne."

"Ningekuwa na uwezo," akasema, na nadhani alisema kweli. Alimpa mtu wa Bodi ishara ya kidevu.

"Tano. Sita."

"Jamani, hata kumi hajafika!" Siwema akapiga kelele. "Mngojeni afike kumi, nyinyi mna roho gani?"

Mtu wa Bodi alipiga goti mkekani, akachomoa ncha ya upande wa laptopu, akaifunga laptopu, akaitia kwenye mfuko wa turubai. Alifanya kwa heshima, bila kugonga kitu. Fundi Chande alikuwa amesimama akitazama vidole vyake.

"Saba. Nane."

Katika dakika hizo tano, najua, Idarusi ananyoosha kidole pembeni mara mbili. Anakunywa maji. Anasogea karibu na kamera mpaka jicho moja tu linaonekana, anarudi nyuma, anasema jambo refu bila kutabasamu. Mwishoni kabisa anainua mkono. Nimeyaandika hapa jinsi nilivyoyaona. Maneno yake sina.

"Tisa. Kumi."

Mama alipapasa nyuma ya televisheni kwa kidole cha shahada. Alilipita tundu la king'amuzi bila kuligusa. Akalipata la kwanza, akauingiza waya mara moja, ukakaa sawasawa, mtu mwenye macho mazima asingefanya vizuri zaidi. Upande wa pili wa waya ulikuwa umelala mkekani.

Akarudi kwenye kigoda, akajifuta mikono kwenye leso, akasogeza uso karibu na kioo cheusi, jinsi anavyosogea akitaka kumjua mtu.

"Mwanaidi," akasema, "nimefanya sawa?"

"Umefanya sawa, mama."

"Basi mwambie aendelee."